Tulitanguliza pikipiki Dar kwa lori, tukarudi nazo Mwanza kwa siku tano. Yote tuliyojifunza yako humu

Mpwa wa Mabatini

Wakuu, habari za jioni. Niliwaahidi wachache kwamba tukirudi salama nitaandika kila kitu, hasa habari ya kusafirisha pikipiki, maana hiyo ndiyo iliyotuumiza kichwa kuliko barabara yenyewe. Tumerudi. Naandikia gerejini kwa mjomba hapa Mabatini na pikipiki zote tatu ziko mbele yangu, bado hazijaoshwa. Mjomba amekataa zisiguswe.

Nianze na yeye, kwa sababu safari ilikuwa yake. Mjomba ana miaka 63. Alitoka Magu akiwa kijana, akajifunza ufundi kwa kushikishwa spana na wakubwa zake, na mpaka leo anaishi kwa kazi hiyo. Pikipiki alizozifufua kwa mikono yake zimefika Kigoma, Mbeya, nyingine zimevuka mpaka. Yeye mwenyewe juu ya pikipiki alikuwa hajawahi kupita Shinyanga. Dar alishafika, lakini kwa basi la usiku, akiwa amelala. Mwaka huu akasema anataka kuiona ile barabara akiwa ameshika usukani mwenyewe, kabla magoti hayajamkatalia.

Mpango wa kwanza ulikuwa kwenda na kurudi. Ni kama kilomita 1,150 kutoka hapa hadi Dar, na kurudi nyingine hizo hizo. Shemeji yangu, ambaye ndiye alikuwa mtu wa tatu, alitusikiliza mpaka mwisho ndipo akasema: "Mwili wa mzee una safari moja tu. Tuitumie kwa kwenda, au kwa kurudi?"

Swali hilo ndilo lililobadilisha mpango wote. Tukaamua pikipiki zitangulie kwa lori, sisi tufuate kwa basi na treni, halafu safari yote ya pikipiki iwe ya kurudi nyumbani. Nimewasikia wengi wakishauri kinyume, kwamba uendeshe ukiwa na nguvu za kwenda, halafu pikipiki uirudishe kwa gari. Nawaheshimu, ila baada ya kufanya hivi sikubaliani nao tena, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza upande wa mzigo. Lori likitoka Dar kuja huku limejaa, nafasi inagombewa. Likishuka kurudi Dar mara nyingi dereva anatafuta chochote cha kujazia. Kwa hiyo kutanguliza pikipiki kutoka Mwanza ni rahisi kuliko kuileta.

Pili ni upepo na jua. Tumeondoka Dar kiangazi, upepo wa kusi unavuma kutoka kusini mashariki. Anayekwenda Mwanza anaelekea kaskazini magharibi, kwa hiyo mara nyingi upepo unamsukuma mgongoni. Jua la asubuhi nalo liko nyuma yake, haliingii machoni. Tatizo lake ni jioni tu, na hilo dawa yake ni kupaki mapema.

La tatu nililiona njiani, sikulijua kabla. Mtu akichoka akiwa anaelekea nyumbani, uchovu wake ni mwingine. Pale Tinde mgongo ulimkamata mjomba hata kushuka ilikuwa kazi, lakini hakuna aliyefikiria tukodi gari tuishie hapo. Mbele ndiko kwetu. Angekuwa anaelekea Dar, mahali asikokuwa na mtu wala kitanda chake, nina hakika tungeishia hapo.

Nitaendelea na habari ya kupakia. Nisubirini kidogo.

Kijana wa Igoma

Asante kwa uzi mkuu. Swali la haraka: kwa nini lori na si basi? Mimi niliwahi kutuma Boxer kwa basi ikafika kesho yake. Na bei ilikuwaje?

Mpwa wa Mabatini

Mkuu, basi ni la haraka, hilo sipingi. Kama una pikipiki moja na una haraka, tumia basi. Ila wengi huilaza kwenye buti, na pikipiki ikilazwa saa kumi na tano kuna vitu vinatoka: petroli kwenye kabureta, maji ya betri kama ni betri ya maji, na oili inaingia kusikotakiwa. Ukiipokea ukaiwasha hapo hapo, inatoa moshi mweupe na unapata hofu bure. Kama umetuma kwa basi, isimamishe kwa stendi kubwa nusu saa, angalia kiwango cha oili, ndipo upige kiki. Sisi tulikuwa na tatu, tulitaka zisafiri zimesimama.

Bei: tulilipa 50,000 kwa kila moja pamoja na vibarua wa kupakia. Niliulizia pia wanaopandisha kutoka Dar, wakanitajia karibu mara mbili ya hapo. Usiichukue kama bei ya kudumu, nenda kaongee mwenyewe.

Sasa kupakia, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo tulipojifunza kwa maumivu.

Lori la kwanza tulilopata lilikuwa linapakia Mwaloni pale Kirumba. Dereva mtu mwema, bei nzuri, nafasi ipo. Mjomba akapanda juu, akachungulia, akashuka. Lilikuwa linabeba kayabo. Wasioijua: ni sangara aliyekaushwa kwa chumvi. Chumvi ile ikitiririka na unyevu inakula cheni, spoku, nikeli ya ekzosi, na inaingia kwenye viunganishi vya waya ambako huioni mpaka taa zianze kucheza mwezi mmoja baadaye. Tukaacha. Dagaa wakavu hawana shida kubwa, ila harufu inaingia kwenye sponji ya siti na haitoki. Siku ya tatu tukapata lori la mchele Nyakato. Mchele ndio mzigo bora wa kusafiri na pikipiki: mkavu, mzito, hauhami, na gunia lenyewe linakuwa mto.

Kabla ya kupakia tulifanya haya. Tulitoa petroli yote kwenye tanki na kumwaga iliyobaki kwenye kabureta. Tulichomoa waya hasi wa betri. Tulifungua vioo vya pembeni na kuvitia kwenye begi letu. Tulipiga picha kila upande, tukapiga picha namba ya chesisi, na tukapiga picha kilomita zinazosomeka kwenye mita. Kadi halisi tulibaki nazo, lori likaondoka na nakala pamoja na barua fupi iliyosainiwa kwamba pikipiki hizi ni zetu na tumempa fulani azisafirishe. Askari akisimamisha lori akakuta pikipiki tatu zenye namba za Mwanza bila karatasi, dereva ndiye anayelala kituoni.

Kufunga: usiweke stendi yoyote. Pikipiki isimame kwa matairi yake, iwe kwenye gia ya kwanza, ibanwe na magunia pande zote mbili. Mbele funga kamba kwenye kile kichwa cha shokapu, si kwenye vishikio vya usukani, na ukivuta shokapu ishuke mpaka nusu, si zaidi. Nyuma funga kwenye fremu. Kila kamba inapogusa chuma weka kitambaa.

Tulifunga hivyo hivyo, mjomba mwenyewe akasimamia. Lakini njiani lori lilishusha sehemu ya mzigo, na mtu akazifungua kamba akafunga upya kwa akili yake. TVS yangu ilifika Dar shokapu za mbele zimeshindiliwa hadi mwisho, imekaa hivyo siku mbili, na sili ya kushoto inavuja oili mpaka kwenye breki. Kwenye Honda ya shemeji mita ilikuwa imeongezeka kilomita 23. Pikipiki haina mafuta, haina betri, imetembea kilomita 23. Maana yake mtu aliweka mafuta, akaunganisha waya, akaitumia akiwa Dar akitusubiri.

Kampuni siitaji, nia yangu si hiyo. Tulionyesha picha, wakaomba radhi na kurudisha sehemu ya pesa. Bila zile picha tusingekuwa na la kusema.

Dereva wa Semi

Mpwa, umeandika vizuri na hujatuonea. Naendesha Dar na Kanda ya Ziwa miaka kumi na mbili sasa, naomba niongeze ya upande wetu.

Ni kweli kushuka ni nafuu. Kupanda tunabeba saruji, nondo, vinywaji, mali ya bandarini. Kushuka ni mchele, dagaa, mashudu, na pamba msimu ukifunguka. Sasa hapo kwenye pamba muwe makini. Viwanda vikianza kuchambua na marobota kuanza kwenda bandarini, magari yanatafutwa, na ile nafasi ya kubembelezwa haipo tena. Ukitaka bei nzuri, ulizia kabla ya pamba au ikishapungua.

Mahali pa kuweka pikipiki: watu wanapenda mkiani ili ishuke haraka. Mkiani, nyuma ya ekseli, ndiko kunakoruka kuliko kote. Kila tuta linaipiga. Mbele karibu na kabini kumetulia, ila itashuka ya mwisho, na nikishusha mzigo Singida au Dodoma itabidi isubiri. Mimi kama ni ya kwangu ningeiweka mbele.

Halafu msitupangie siku. Kuna foleni ya mizani, Vigwaza peke yake inaweza kukulaza. Gari linaweza kuharibika. Mtu anayesema "lazima Ijumaa iwe Dar" anamfanya dereva akimbize gari usiku. Tanguliza mzigo, ongeza siku mbili au tatu juu ya ulizoambiwa, ndipo ukate tiketi yako.

Kuhusu ile ya kilomita 23 nimeumia. Huwa ni watu wa yadi ya mizigo, si dereva, lakini lawama ni yetu sote. Dawa yake ni kuondoka na funguo na plagi. Plagi ikiwa mfukoni mwako Mwanza, hakuna atakayeiwasha kirahisi.

Mpwa wa Mabatini

Hiyo ya plagi mjomba ameisoma hapa akatikisa kichwa. Miaka yote ya ufundi, hakuiwaza. Wabeja sana kaka.

Naendelea. Sisi tulipanda basi Nyegezi mpaka Dodoma, tukalala, asubuhi tukachukua treni ya SGR. Hii ilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024, na Julai mwaka ule ule ikafika Dodoma. Mjomba alikaa dirishani. Nikamwambia sasa unaiona nchi. Akasema hapana, treni inapita Kilosa kwenye yale mahandaki, barabara inapita Dumila na Gairo, kwa hiyo bado hajaona, nisimhesabie.

Dar tulikaa siku mbili. Sili za shokapu tulinunua Kariakoo, na mjomba akazibadilisha pale pale yadi, amekaa juu ya tairi la lori, vijana wa yadi wamemzunguka wanaangalia. Ilimchukua saa mbili. Mmoja akamuuliza anafundisha wapi.

Siku ya kwanza, Dar hadi Morogoro, kama kilomita 195. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, na hilo nalisisitiza. Kuanzia Kimara hadi Chalinze ndiko kubaya kuliko kote kwenye safari nzima. Magari ya mizigo, mabasi, daladala, bodaboda, wote mnagombea lami moja. Lori kubwa likikupita linakuvuta kwake, halafu likishapita linakusukuma nje. Usishindane nalo, legeza mwendo, shika usukani bila kukakamaa. Tulikubaliana mjomba awe katikati, shemeji mbele, mimi nyuma. Mwendo 60, ukizidi sana 70. Saa nne na nusu tulikuwa Msamvu tunakunywa chai. Tungeweza kuendelea. Hatukuendelea.

Siku ya pili, hadi Dodoma, kama 260. Dumila, Gairo, Kibaigwa. Kibaigwa tulisimama kwenye soko la mahindi kwa sababu mjomba alitaka kuliona, miaka yote analisikia redioni wakitaja bei. Alitembea kati ya magunia kama mtu anayekagua shamba lake. Sina zaidi ya kusema kuhusu siku hii, barabara ilikuwa nzuri.

Siku ya tatu, hadi Singida, kama 240. Hapa nchi inabadilika. Baada ya Bahi ni uwanda mkavu, mibuyu, joto, halafu unaanza kupanda kwenda Manyoni. Mlima wa Saranda uheshimuni. Malori yanapanda kwa gia ya chini kabisa, na nyuma yake kuna watu wamechoka kusubiri wanaolipita kwenye kona. Ukiwa unapanda, mtu wa kumwogopa ni yule anayeshuka upande wako. Kaa kushoto kabisa.

Kuanzia Manyoni hadi Singida ni upepo. Unavuma muda wote, na wakati mwingine unakuja ubavuni. Pikipiki ndogo inayumba. Mjomba alikuwa na Boxer 150, nzito kiasi, ilitulia. Honda ya shemeji ni XL 125, nyepesi na ndefu, ilimchosha mabega. Kama umefunga mzigo juu nyuma ya siti, ushushe, uweke pembeni chini. Singida tulikula kuku wa kienyeji usiku huo, na kila mtu alilala kabla ya saa tatu.

Siku ya nne, Singida hadi Shinyanga, kama 285. Ndefu kuliko zote, na hapa nakiri tulikosea. Tungelala Nzega. Mlima Sekenke unashuka kutoka nyanda za Singida kwenda mbuga ya Wembere, kona baada ya kona. Mjomba alitusimamisha juu kabla ya kuanza. Akasema gia ya pili kwa wote, mtu asiguse klachi, breki iguswe na kuachwa, isishikiliwe. Breki ya kidrumu ukiishikilia mteremko mzima inapata moto na mwisho haishiki. Tulishuka taratibu namna hiyo. Chini kuna nafasi, tukapaki, tukagusa drumu kwa kiganja. Zilikuwa vuguvugu tu.

Shelui, Igunga, Nzega. Baada ya Nzega jua likaanza kuingia machoni. Ilikuwa saa kumi. Nilitakiwa niseme tusimame, nikanyamaza kwa sababu mjomba alikuwa na furaha. Tulipofika Tinde alishindwa kushuka. Tulimshusha mimi na shemeji, tukamlaza kwenye mkeka wa mama mmoja muuza chai, ambaye hakutuuliza chochote, alileta maji tu. Alilala dakika arobaini. Tulimaliza vile vipande vya mwisho hadi Shinyanga kwa mwendo wa 40, taa zimewashwa, na nilijilaumu njia nzima.

Siku ya tano, Shinyanga hadi Mwanza, kama 165. Hatukuwa na haraka yoyote. Tuliondoka saa tatu. Maganzo pale wanapoingilia Mwadui, Hungumalwa, Mabuki, Misungwi. Njia hii mjomba anaijua, na unaona kabisa alivyobadilika: alikaa wima, akapita mbele bila kuuliza. Kuanzia Usagara watu walianza kumpungia mkono, wateja wake. Buhongwa, Mkolani, Nyegezi. Pale Mkuyuni ziwa linapokuwa karibu na barabara akaweka indiketa, akasimama, akavua kofia ngumu. Alisimama pale akiangalia maji, sisi nyuma yake. Kisha akaniambia nisome mita na niandike.

Ilikuwa kilomita 1,151 tangu yadi.

Mama Nyakato

Mwanangu nimesoma yote na nimefurahi mmefika. Lakini niseme ukweli wangu. Mzee wa miaka 63, siku ya nne ameshushwa kama mgonjwa pembeni ya barabara. Angeanguka akiwa katika mwendo tungekuwa tunasoma habari nyingine. Ilikuwa lazima?

Mpwa wa Mabatini

Mama shikamoo. Swali lako ni la haki na shangazi, mke wa mjomba, ameniuliza hilo hilo kwa maneno makali zaidi.

Siwezi kusema ilikuwa lazima. Tulikwenda naye hospitali kwanza, akapimwa presha na sukari, daktari akamruhusu kwa sharti la kutozidi saa tano za kuendesha kwa siku. Siku nne kati ya tano tulilifuata. Ile ya nne tulilivunja, na aliyelivunja ni mimi niliyekuwa nyuma nikimwona anavyohamisha makalio kila dakika na nisiseme. Tungekuwa tumeenda kwa pikipiki pia, siku hiyo ingekuwa ya tisa au ya kumi badala ya ya nne. Hapo sina shaka lingetokea baya. Kwa anayesafiri na mzazi, naomba mpange usiku sita, na yule wa nyuma apewe mamlaka ya kusimamisha msafara bila kujadiliana.

Mama Nyakato

Marahaba. Nimekuelewa.

Kemondo Kwetu

Mkuu, kwa sisi wa huku ziwani kuna njia fupi ya kufanya kitu hicho hicho bila kwenda Dar. Nilifanya mwaka jana.

Pikipiki niliipandisha MV Victoria hapo bandari ya kaskazini Mwanza, nami nikapanda humo humo. Inaondoka jioni, unalala ziwani, alfajiri unagusa Kemondo, halafu Bukoba. Bandarini walinitaka nitoe petroli, na wanafanya sawa. Huku kwetu ajali ya MV Bukoba ya Mei 21, 1996 haijasahaulika, kila familia ina jina lake. Sheria za mzigo kwenye meli mzifuate bila kunung'unika.

Bukoba nililala kwa dada, asubuhi nikaanza kurudi Mwanza kwa barabara. Muleba, Kyamyorwa, unaingia upande wa Chato, Buseresere, Katoro, Geita, Sengerema, Busisi. Zamani hapo Busisi ndipo safari ilipofia. Unasubiri kivuko, ukikosa unasubiri kingine, jua linazama unakiangalia ng'ambo. Sasa kuna daraja, lilizinduliwa Juni 19, 2025, kilomita 3 juu ya maji. Nilivuka dakika chache, ila nilipofika katikati nilipunguza mwendo sana kwa sababu upepo wa ziwa hauna kizuizi pale. Msisimame katikati kupiga picha. Nimeona watu wanafanya hivyo na gari zinakuja.

Ni safari ya siku moja kwa kijana, mbili kwa mtu mzima anayeweza kulala Geita. Kwa anayefikiria ile ya Dar, ningeshauri aanze na hii aujue mwili wake na pikipiki yake.

Binti Nansio

Na sisi wa Ukerewe msitusahau. Pikipiki yangu huwa naitanguliza kwa meli hadi Nansio, kisha likizo ikiisha narudi nayo kwa kuzunguka: kivuko cha Rugezi kwenda Kisorya, Bulamba, Bunda, Lamadi, Magu, Mwanza. Kati ya Bunda na Lamadi, karibu na geti la Ndabaka, hifadhi ya Serengeti inafika mpaka barabarani. Wanyama huvuka, hasa asubuhi na jioni. Pita mchana na usisimame hata kwa simu. Mimi ni mwanamke na huwa naenda peke yangu. Ninachofanya ni kumwambia mtu Nansio saa niliyoondoka na mtu Mwanza saa ninayotarajiwa, na huyo wa Mwanza ana namba ya kituo cha polisi Magu.

Kijana wa Igoma

Mpwa, mafuta yalikula kiasi gani? Na vipuri mlibeba nini?

Mpwa wa Mabatini

Boxer ilitupa wastani wa kilomita 42 kwa lita kwa mwendo ule wa 60. TVS pungufu kidogo, Honda zaidi kidogo. Usisubiri akiba, jaza kila unapofika nusu, hasa kabla ya kutoka Manyoni na kabla ya kutoka Singida. Bei za kikomo za mafuta EWURA (mamlaka ya nishati na maji) hutangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo kama unapiga hesabu ya safari angalia hapo.

Vipuri: tyubu mbili, plagi tatu, waya wa klachi na wa mafuta, kiungo cha cheni, oili lita mbili, pampu ya mguu. Tulitumia kiungo cha cheni kimoja na tyubu moja, basi. Cheni tulikuwa tunaipaka oili kila jioni kabla haijapoa.

Kwa Kemondo Kwetu: nilimsomea mjomba maelezo yako jana usiku. Hakusema kitu. Leo asubuhi nimefika gerejini nikakuta karatasi ya zile kilomita 1,151 imebandikwa ukutani juu ya benchi lake, na Boxer hatimaye imeoshwa. Imesimama nje kwa stendi kubwa, waya wa betri umechomolewa, na amekaa chini anatoa petroli kwenye galoni. Ameniuliza meli ya Bukoba inaondoka saa ngapi.